Mlima hauna mjomba

Basi bwana, wiki hii mtaniwia radhi. Yale mambo yetu ya nani kamtoroka nani na deni la pango tuyaweke pembeni kwanza, hayaozi, tutayakuta. Leo nataka tuongee habari ya mlima. Ndiyo, ule ule unaouona kwenye lebo ya bia kila Ijumaa, ukaudhani ni wako kwa sababu tu umezaliwa Tanzania.

Kila mwaka Desemba ikinyemelea, vijiwe vya Dar vinaingiwa na wazimu wa aina moja. Mtu ambaye kutoka Sinza Kumekucha hadi Sinza Mori lazima apande bodaboda, anakwambia bila haya, "Mshikaji, mwaka huu nafika Uhuru." Desemba 9 ndiyo siku yenyewe, maana usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule kileleni, na kila mwaka Watanzania hupanda kwa makundi kuikumbuka. Sasa kijana wa mjini akisikia luteni, anajiona na yeye ni luteni. Hajui kwamba luteni alikuwa mwanajeshi, yeye ni mtu wa chipsi mayai.

Nasema haya kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao. Desemba 2022 tuliondoka Dar washkaji watano, njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi. Kwa nini siku tano? Kwa sababu siku ya sita ilikuwa inaongeza gharama, na sisi tukaona hiyo hela bora ikatusubiri Moshi, tukishuka tuile na nyama choma. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, na katika makosa yote ndilo lililokuwa baba lao.

Kati yetu alikuwepo jamaa tunamwita Komandoo. Jina kajipa mwenyewe. Komandoo ananyanyua vyuma, kifua kama mlango wa gereji, mikono haifiki mbavuni. Siku ya kwanza getini Marangu alimwangalia mwongozaji wetu, mzee mwembamba wa makamo mwenye kofia ya sufi iliyopauka, akaninong'oneza, "Huyu ndiyo atanipandisha mimi?" Nikacheka. Leo sicheki.

Mzee yule alikuwa na neno moja tu kinywani: polepole. Unapiga hatua, polepole. Unataka kumpita, polepole. Komandoo akawa anampita. Tulipofika Mandara, mita 2,720, yeye alishafika zamani, kavua shati anapiga picha. Siku ya pili akatangulia tena hadi Horombo, mita 3,720. Jioni ile hakula. Akasema supu haina chumvi. Usiku nikamsikia anafungua karatasi ya vidonge, na asubuhi tena. Nilipomuuliza akasema ni usingizi tu, kalala vibaya. Na mimi nikanyamaza, maana nani anataka kuwa mtu wa kumsemea mshikaji wake kwa mwongozaji kama watoto wa shule?

Tulipofika Kibo, mita 4,720 hivi, Komandoo alikuwa anatembea kama mtu anayetoka baa saa nane usiku. Akakaa kitandani kufunga kamba za viatu. Akazishika, akaziangalia, akaziachia. Akazishika tena. Mzee wa kofia iliyopauka akaja, akamwambia asimame, atembee juu ya mstari wa ubao wa sakafu, kisigino kwenye kidole. Hatua ya pili jamaa akaenda na ukuta. Mzee hakuuliza mtu. Akasema, "Huyu anashuka sasa hivi." Wenzetu wakaanza kujitetea, mara apumzike kidogo, mara anywe chai. Mzee akawaambia kitu kimoja tu, kwamba akilala hapa anaweza asiamke.

Wakamlaza kwenye machela ya tairi moja, ile ya mlimani, wagumu wanne (ndivyo wapagazi wa kule wanavyojiita, na jina wamelifanyia kazi), na mimi nikashuka naye gizani nimebeba begi lake. Baridi inakula masikio, tairi linagonga mawe, Komandoo analia akimwita mama yake. Kifua chote kile. Tulipokaribia Horombo akaanza kuniuliza tuko wapi. Asubuhi akaomba chakula. Mita 1,000 tu za kushuka, na mtu karudi kuwa mtu. Lakini tungeisikiliza ile hadithi ya chai, leo ningekuwa naandika safu nyingine kabisa.

Kwa hiyo mimi Uhuru Peak sikufika. Naijua kwenye picha za wenzangu wawili waliofika.

Sasa mwaka huu narudi. Na safari hii naenda na mdogo wangu wa kike, ambaye amenizonga tangu Januari. Nimejiandaa kwa miezi minne, na katika kujiandaa huko nimejifunza mambo ambayo nilitakiwa niyajue kabla ya ile machela. Wapo kati yenu wanaojichanga muda huu huu, basi chukueni, ni bure.

Kwanza elewa adui ni nani. Wengi wanadhani kule juu hewa "inaisha". Haiishi. Oksijeni ni asilimia 21 Coco Beach na ni asilimia 21 kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale mita 5,895 mgandamizo ni kama nusu ya huu wa pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuingizia kama nusu ya kile unachopata ukiwa umekaa Magomeni unakula mihogo. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda. Unahema haraka zaidi, unakojoa zaidi, siku zinavyokwenda damu nayo inajipanga. Huo muda haununuliwi kwa kifua. Ndiyo maana bibi wa miaka 60 anayekwenda mwendo wa kinyonga anaweza kufika, na mnyanyua vyuma akarudi kwenye tairi moja.

Wapo wanaokimbia kule, sikatai. Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa chini ya saa 10, na mwaka 2014 Karl Egloff akafanya hivyo kwa saa 6 na dakika 42. Lakini wale ni watu waliozoea milima kwa miaka. Wewe milima yako ni ile ngazi ya daraja la waenda kwa miguu pale Manzese.

Kwa hiyo ukiniuliza hela iende wapi, nakwambia inunue siku. Kama ni Marangu, chukua sita, ulale Horombo usiku wa pili. Siku ile ya katikati unatembezwa hadi juu kidogo, unarudi kulala pale pale. Wenyewe wana msemo wao, panda juu, lala chini. Kama mfuko unaruhusu, zipo njia ndefu kama Lemosho, siku saba au nane, unalala kwenye mahema. Marangu ndiyo yenye nyumba za kulala, na kwa sababu hiyo watu wa mjini wanaidhani ni ya kitoto. Mimi nimeshaona kitoto chake.

Habari njema ni kwamba Mtanzania kiingilio cha hifadhi analipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Kinachokula pesa ni watu: mwongozaji, mpishi, wapagazi, chakula, usafiri. Na usidanganyike ukasema utajipandisha mwenyewe kupitia shamba la shemeji yako Marangu. Bila mwongozaji mwenye leseni hupandi. Kampuni ikikupa bei ya kutupa, jiulize nani anailipia ile tofauti. Jibu ni mgumu anayelala hana blanketi. Uliza wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Mwenye kampuni akianza kukohoa, aga uondoke.

Mazoezi nayo yana hadithi zake. Dar ni tambarare, kila mtu anajua. Mimi nikaanza na ngazi. Kuna ghorofa moja Kariakoo lenye sakafu tisa na lifti iliyokufa, mlinzi wake ananijua sasa. Wiki ya kwanza nilipanda mara tatu, magoti yakaniuliza nina ugomvi nao gani. Sasa hivi napanda mara kumi na tano nikiwa na begi lenye chupa za maji za lita moja moja, sita. Mlinzi alidhani nauza maji. Cha kujua ni kwamba kushuka ndiko kunakoua magoti na vidole vya miguu, usishuke kwa lifti hata kama imefufuka.

Jumamosi tunakwenda Pugu, tunaingia msituni na kutoka, saa tano au sita za kutembea bila kukimbia. Na mara mbili tumekwenda Morogoro, tukapanda Uluguru hadi Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani. Unaondoka mjini alfajiri, unapishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka na mizigo ya mboga kichwani, wamevaa ndala, wanapiga soga. Sisi na viatu vyetu vya mlima tunahema kama injini ya fuso. Mmoja akatupa pole. Mdogo wangu akasema, "Kaka, hawa ndiyo tungekodi."

Mwenye nafasi zaidi apande Meru kwanza, pale Arusha. Una mita zaidi ya 4,500, una vibanda vya kulala Miriakamba na Saddle, na mwili wako utajua nini kinakuja. Sisi likizo haikutosha.

Kuhusu mavazi, hapa ndipo mtu wa Dar anapotajirika bila kujua. Koti ambalo dukani Ulaya lingekula mshahara wako wa miezi miwili, Karume unalipata kwenye mtumba, mradi uamke mapema siku ya kufungua mzigo na usioneshe kwamba unalitaka. Muuzaji akikuona unaulizia koti la baridi Dar es Salaam mwezi wa kumi, anajua moja kwa moja unakwenda mlimani, bei inapanda kabla yako. Mimi nilimwambia namnunulia babu yangu wa Makete. Moshi nako kuna soko la Memorial, mitumba ya kufa mtu, na wapo wanaokodisha vitu vikubwa kama begi la kulalia na koti la kileleni. Usinunue kitu ambacho utakitumia usiku mmoja.

Ila viatu usikodi. Nisikilize vizuri. Viatu nunua mapema, vaa mjini, vaa kwenye daladala, vaa kazini wakucheke. Vinatakiwa vikuzidi kidogo mbele ili ukishuka vidole visigonge. Na kata kucha kabla ya safari. Mshikaji wetu mmoja 2022 hakukata, alirudi Dar na kucha mbili ndani ya karatasi, anaonesha watu.

Jinzi acha nyumbani. Fulana za pamba pia, zile unazozipenda. Pamba ikilowa jasho haikauki, na baridi ikishika, fulana inakuwa barafu mgongoni. Unataka nguo ya ndani inayokauka haraka, juu yake sweta la sufi au lile la manyoya manyoya, juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Unavaa na kuvua kama kitunguu. Chini kwenye msitu unatoka jasho, usiku wa kileleni inaweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na ikiamua inakwenda hadi 20. Tochi ni ya kuvaa kichwani, mkono unautaka kwa ajili ya fimbo. Miwani ya jua si urembo, na mafuta ya kuzuia jua yanakuhusu na wewe mweusi kama mimi. Mimi 2022 ngozi ya pua ilibambuka nikafika kazini kama nimepigana.

Betri za simu baridi inazimaliza, lala nazo ndani ya begi la kulalia. Chupa ya maji usiku wa mwisho igeuze kichwa chini, maana maji huganda kuanzia juu, utashindwa kufungua. Maji yenyewe ni lita tatu hadi nne kwa siku, unywe hata kama huna kiu. Mifuko ya plastiki usipeleke, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na chupa zile za kutupa za dukani nazo hazitakiwi mlimani. Mzigo wa mpagazi kikomo chake kilo 20 na unapimwa kwenye mizani, kwa hiyo begi unalompa liwe kilo 15 kushuka chini, na yeye ana vyake. Spika ya muziki iache. Nimesema iache.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Safari hii nikasema twende kwa daktari kabla. 2022 hakuna aliyekwenda, tulidhani daktari ni wa wagonjwa. Tukakaa, mimi na mdogo wangu, daktari mwanamke, mpole, anauliza na kuandika. Presha? Hakuna. Pumu? Hakuna. Akatueleza ile dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, kwamba inasaidia mwili kuzoea lakini si ya kununua kienyeji, inakukojoza, inakutia ganzi vidoleni, na kama umewahi kubabuka kwa dawa ya malaria yenye salfa umwambie kabisa. Akasema dawa hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Nikamkumbuka mtu.

Halafu akauliza, "Nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa sikoseli?"

Nikajibu haraka haraka, "Hapana."

Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Akasema taratibu, "Kaka. Na kaka mkubwa?"

Jamani. Mtoto wa kwanza wa mama yetu alifariki ana miaka tisa. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nyumbani hatusemi jina la ule ugonjwa, tunasema "alikuwa anaumwa miguu." Nimeishi miaka yote hii nikijua na sikuwahi kuunganisha.

Daktari akaweka kalamu chini, akachora. Sikoseli, wenye Kiswahili chao wanaita selimundu, mtoto anaipata akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kwa hiyo baba yetu na mama yetu wote ni wabeba, wenyewe hawaumwi. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, mbili kati ya nne awe mbeba kama wazazi, moja kati ya nne awe hana kitu. Sisi wawili si wagonjwa, tungeshajua. Basi kila mmoja wetu ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbeba.

Mgonjwa kamili wa sikoseli mlima ule asiusogelee kabisa. Hilo halina mjadala. Mbeba ni habari nyingine. Mbeba wa hapa Dar anacheza mpira, anazaa, anazeeka, hajui kitu. Wapo wengi nchi hii, huenda na wewe unayesoma umo. Wengi wao wanaweza kupanda na kushuka salama bila kujua walichobeba. Lakini oksijeni ikipungua sana, kwa baadhi yao zile chembe za damu zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba kwenye bandama, na bandama ikafa sehemu. Dalili yake maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Akasema na ukame wa maji mwilini na kujitutumua vinaongeza hatari.

Tukatoa damu. Siku nne za kusubiri majibu nilipanda lile ghorofa la Kariakoo kila jioni, sijui nilikuwa namkimbia nani.

Majibu yakaja. Mdogo wangu hana kitu. Mimi ni mbeba.

Nimekaa nikaikumbuka Kibo ile. Usiku ule nilikuwa na kichomi upande wa kushoto. Nilikilaumu maharage. Inawezekana kweli yalikuwa maharage, daktari naye hakuweza kusema. Lakini wakati ule wote nilikuwa namtazama Komandoo na kamba zake za viatu, na huenda machela ile ya tairi moja ilinishusha mimi pia.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nisiende?" Hakunikataza. Hakunibariki pia. Alisema kama naenda, basi siku ziwe nyingi kadiri inavyowezekana, maji nisipunguze, nisishindane na mtu, mwongozaji ajue mapema na iandikwe kwenye karatasi niliyoivaa shingoni, na maumivu ya kushoto yakianza hakuna kusubiri asubuhi. Na akasema kitu kimoja nje ya mlima. Nikitaka kuoa, mwenzangu apime. Hilo nitaliandikia safu yake, maana kuna mtu inabidi nimwambie kabla hajalisoma hapa.

Kimbembe kikawa nyumbani. Ningeweza kumficha mama. Nilifikiria kumficha. Mdogo wangu akasema tukificha yeye haendi. Basi Jumapili baada ya chakula nikamweleza mama yote, na lile jina la ugonjwa nikalitaja, mara ya kwanza ndani ya nyumba ile kwa sauti. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Muda mrefu. Halafu akasema, "Mmoja alitosha, baba." Akainuka akaenda jikoni.

Wiki mbili hakulizungumzia. Mimi nikawa nimeshakata tamaa, nikamwambia mdogo wangu aende na wenzake, mimi nitampokea getini na maua kama wajomba wa kipaimara. Akanijibu kwamba 2022 nilimshusha mwanaume mwenye kifua cha gereji, yeye ana kilo 54, nikishuka anashuka, na tusibishane.

Nikampigia mzee wa kofia iliyopauka. Namba yake ninayo tangu siku ile. Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake. Akasema, "Kijana, tutafanya siku saba. Horombo tunalala mara tatu. Ukifika Kibo mimi ndiye nitakayesema, si wewe, si dada yako. Upande wa kushoto ukiuma, tunageuka, na hela yako siirudishi." Nikamwambia sawa mzee. Akasema, "Nitakuita jina kila baada ya nusu saa. Ukichelewa kuitika, tunageuka vilevile."

Haya maneno nikampelekea mama kama yalivyo, na ile ya kuku. Akauliza huyo mzee ana watoto? Nikasema anao. Akauliza kule kuna mtandao? Nikamwambia Horombo walifunga intaneti mwaka 2022. Akasema, "Basi utanipigia ya picha. Kila jioni. Nikuone uso, nimuone na huyo mzee." Kisha akaniuliza kama nina soksi.

Nina soksi. Jozi tano za sufi. Begi nimelipima jana kwa mizani ya muuza mkaa, kilo kumi na mbili na nusu. Karatasi ya shingoni nimeipeleka kwa jamaa wa steshenari ameipiga leminesheni. Komandoo katuma ujumbe, anasema anakuja hadi Horombo tu, na anauliza kama yule mzee bado anamkumbuka. Kilichobaki ni glavu, zile nene, na Karume wanafungua mzigo Jumatano saa kumi na mbili asubuhi.